Jinsi ya Kupima Joto la Vumbi Linalopashwa na Nyota Changa: Mwongozo Kamili

Ramani za joto ninazoletewa na wanafunzi zina kasoro inayojirudia. Nyota changa imekaa katikati ya picha, ina nguvu ya kutosha kuchoma wingu lililoizaa, lakini vumbi la ubavuni mwake linasoma kelvini 9 (kelvini ni kipimo cha joto kinachoanzia sifuri kabisa). Vumbi la pembeni kabisa, ambako hakuna kitu, linasoma kelvini 60. Mwanafunzi anadhani kanuni imemdanganya, kumbe kanuni ni nzima na hatua mbili tatu zilirukwa kabla ya kuifikia.

Mwongozo huu unatumia njia ya uwiano: unachukua picha mbili za wingu lilelile, moja ya mawimbi ya mikroni 450 na nyingine ya mikroni 850 (mikroni ni sehemu ya milioni ya mita), unagawanya moja kwa nyingine, kisha unasoma joto. Mfano wetu ni eneo la MWC 297 katika kundinyota la Nyoka (Serpens). MWC 297 ni nyota changa ya aina B1.5 (yaani ya moto sana), yenye uzito wa takriban mara 10 ya Jua, na pembeni yake kuna mabonge ya vumbi ambayo bado hayajazaa nyota. Ni mahali pazuri pa kujifunzia kwa sababu kila mtego nitakaoutaja hapa chini upo pale.

## Utakachohitaji

- Kompyuta ya kawaida yenye Python, pamoja na vifurushi vya astropy na reproject. Vyote ni vya bure.
- Programu ya DS9 ya kutazamia picha za FITS, yaani muundo wa faili wanaoutumia wanaastronomia.
- Picha mbili za kamera ya SCUBA-2 iliyo kwenye darubini ya JCMT (James Clerk Maxwell Telescope), Maunakea, Hawaii: ya mikroni 450 na ya mikroni 850. Zinapatikana bure katika hifadhi ya Canadian Astronomy Data Centre.
- Picha za kelele (variance) za mawimbi hayo mawili, zinazoonyesha kila pikseli inaweza kukosea kiasi gani. Usianze bila hizi.
- Kipimo cha redio cha nyota hiyo, ikiwa ni nyota nzito.
- Kikokotoo na karatasi, kwa hatua ya kwanza.

Muda: siku mbili kwa mtu anayeanza. Siku ya kwanza nzima itaishia kwenye hatua ya 2 na ya 3, na ndivyo inavyopaswa kuwa.

## Hatua ya 1: Kadiria joto kwa mkono kabla ya kugusa data

Wengi huiruka hatua hii, kisha hawana namna ya kujua kama ramani yao ina akili.

Chembe ya vumbi hupokea mwanga wa nyota na kuutoa tena kama mnururisho wa infraredi ya mbali. Joto lake hutulia pale inapotoa kiasi kilekile inachopokea. Tuchukulie kwanza chembe iliyo nyeusi kabisa, isiyo na kizuizi kati yake na nyota:

T = 278.5 × L^(1/4) ÷ √r

L ni mng'aro wa nyota ukilinganishwa na Jua, na r ni umbali kwa vizio vya astronomia (kizio kimoja ni umbali wa Dunia hadi Jua). Jibu linakuja kwa kelvini.

Jaribu nyota mbili:

- Nyota yenye mng'aro sawa na Jua, umbali wa vizio 1,000: takriban kelvini 8.8.
- Nyota yenye mng'aro mara 10,000 ya Jua, umbali wa vizio 20,000: takriban kelvini 19.7.

Sasa rekebisha. Chembe halisi za mawinguni nyingi hazifiki hata mikroni moja, ilhali mawimbi zinayojaribu kuyatoa ni ya mikroni 100 au zaidi. Chembe ndogo hushindwa kutoa mawimbi marefu vizuri, kwa hiyo joto hubaki ndani yake na huwa moto kuliko hesabu ya chembe nyeusi. Kwa upande mwingine, chembe iliyojificha nyuma ya vumbi jingine hupata mwanga hafifu na huwa baridi zaidi. Kwa hiyo namba uliyopata ichukue kama alama ya kuanzia tu.

Udhaifu huu wa kutoa mawimbi marefu tunaupima kwa kipeo kinachoitwa beta (β). Ukiuingiza, joto hupungua kwa umbali kwa kipeo cha −2/(4+β) na hupanda kwa mng'aro kwa kipeo cha 1/(4+β). Kwa β = 1.8, ukienda mbali mara mbili joto hushuka kwa asilimia 21 tu. Na ili kulizidisha joto mara mbili mahali palepale, mng'aro wa nyota lazima uongezeke takriban mara 56! Vumbi ni gumu kupasha. Ramani ikikuonyesha joto linalopanda kutoka 15 hadi 90 ndani ya pikseli tatu, kosa liko kwenye ramani.

Dalili ya kufaulu: una karatasi yenye joto unalotarajia kwa umbali wa aina tatu au nne kutoka kwenye nyota. Ibandike ukutani.

## Hatua ya 2: Hakikisha vizio vya picha zote mbili

Fungua vichwa vya faili za FITS, utafute neno BUNIT, linalotaja vizio. Ukiona mJy/beam (milijansky kwa doa), simama hapo kwanza.

"Kwa doa" maana yake ni nishati iliyomo ndani ya doa moja la darubini, yaani alama ambayo nyota ndogo kama nukta huiacha kwenye picha. Kwa JCMT, doa la mikroni 450 lina upana wa takriban sekunde 8 za tao (sekunde ya tao ni 1/3600 ya digrii), na la mikroni 850 takriban 14. Eneo la doa la pili ni karibu mara tatu ya la kwanza. Ukigawanya picha mbili zilizo katika vizio vya doa bila kuzibadilisha, unagawanya ujazo wa kikombe kwa ujazo wa bakuli.

Zibadilishe zote ziwe mJy kwa sekunde ya tao ya mraba. Kwa kila wimbi tumia eneo la doa lake, na eneo hilo lichukue kutoka kwenye maelezo ya upimaji yaliyokuja na data.

Onyo: usilainishe picha kwanza halafu ndio ubadilishe vizio. Ukishalainisha, doa la picha limebadilika, na ni rahisi kuchanganya eneo la doa la zamani na la jipya. Kosa hili halionekani kwa macho, na litakufuata hadi mwisho.

## Hatua ya 3: Sawazisha ukali wa picha

Hapa ndipo ramani nyingi hufia, na nitakaa kidogo. Kama nyota yako ni nzito, toa kwanza gesi yake kama hatua ya 5 inavyoeleza, kisha urudi hapa.

Picha ya 450 ni kali kuliko ya 850. Bonge dogo la vumbi kwenye picha ya 450 litaonekana na kilele kirefu chembamba, na kwenye ya 850 litakuwa kilima kipana. Ukizigawanya hivyo zilivyo, katikati ya bonge patatoa uwiano mkubwa kupita kiasi na kuonekana pa moto, na kuzunguka hapo patatokea pete ya baridi. Mtu huona "joto katikati" na kufurahi kwamba amegundua nyota changa ndani, kumbe amepima tofauti ya madoa.

Fanya hivi:

1. Lainisha picha ya 450 hadi ifikie ukali wa 850. Ukichukulia madoa kuwa na umbo la kengele, upana wa kulainishia ni √(14² − 8²), yaani takriban sekunde 11.5.
2. Kipimo hicho ni upana wa nusu kimo. Gaussian2DKernel ya astropy haitaki hicho, inataka sigma, tena kwa pikseli. Gawanya 11.5 kwa 2.355 upate 4.9, kisha gawanya kwa ukubwa wa pikseli yako. Kwa pikseli za sekunde 2, weka 2.44.
3. Zipange pikseli za picha zote mbili kwenye gridi moja kwa reproject. Kazi hii ifanye baada ya kulainisha.

Kwa kazi ya makini zaidi, kumbuka kwamba doa la mikroni 450 si kengele safi. Lina kiini chembamba na ukungu mpana unaokizunguka, nao ukungu huo unabeba sehemu ya nishati isiyopuuzika. Dawa yake ni kulainisha kwa msalaba: picha ya 450 ilainishe kwa doa zima la 850, na ya 850 kwa doa zima la 450, kiini na ukungu wake. Zote mbili zitaishia na doa moja la takriban sekunde 16. Unapoteza ukali kidogo lakini unapata uwiano unaoaminika. Mimi huchagua njia hii kila mara ninapotaka kusema lolote kuhusu bonge moja moja.

Dalili ya kufaulu: tafuta kitu kidogo kama nukta kilichomo kwenye picha zote mbili, uchore mkato unaopita katikati yake. Mikato miwili, ukiilinganisha vimo, ilaliane kama viganja viwili. Ikiwa mmoja ni mwembamba, rudi namba 2 hapo juu.

## Hatua ya 4: Kata pikseli dhaifu

Uwiano wa kelele kwa kelele hutoa namba, na namba hiyo itageuzwa kuwa joto bila aibu. Zile kelvini 60 za pembeni ya ramani mara nyingi hutoka hapa.

Baki na pikseli ambazo mawimbi yote mawili yanazidi kelele angalau mara 5. Kelele ipime upya baada ya kulainisha, kwa kuwa kulainisha huipunguza. Mikroni 450 ndiyo itakayokubana, maana mvuke wa maji angani huimeza zaidi.

Jambo jingine: kamera ya ardhini huondoa kwa makusudi mnururisho uliotandaa zaidi ya dakika chache za tao, ili kutoa mwanga wa anga yetu wenyewe. Hakikisha picha zote mbili zimechujwa kwa kipimo kimoja. Zikichujwa tofauti, kingo za mabonge zitakudanganya hata baada ya kukata.

## Hatua ya 5: Ondoa kisicho vumbi

Kanuni ya uwiano inaamini kila kilichomo kwenye picha ni vumbi. Karibu na nyota changa si kweli, kwa sababu mbili.

Gesi iliyovuliwa elektroni. Nyota nzito kama MWC 297 hung'oa elektroni kutoka kwenye gesi iliyo karibu nayo, na gesi hiyo hutoa mawimbi yake yenyewe, kutoka redio hadi milimita ndogo (mawimbi mafupi kuliko milimita moja). Watafiti waliochapisha kazi ya SCUBA-2 ya eneo hili mwaka 2015 walikuta kwamba gesi hiyo ilichangia asilimia 73 ya kilele cha mikroni 450 na asilimia 82 ya kilele cha mikroni 850 penye nyota. Vumbi lilibaki na takriban robo tu, au chini yake!

Tazama madhara yake. Sehemu ya vumbi ni asilimia 27 katika 450 na 18 katika 850, kwa hiyo uwiano wa kweli ni mara 1.5 ya ule unaouona. Ukisoma uwiano wa 6 bila kusafisha, utaandika kelvini 15. Uwiano uliosafishwa ni karibu 9, nao unasoma takriban kelvini 38. Hivi ndivyo nyota ya moto inavyoonekana kukaa juu ya barafu.

Kusafisha: chukua kipimo cha redio cha nyota, ukipandishe hadi 450 na 850 kwa sheria ya kipeo, S = S₀ × (ν/ν₀)^α, ambapo S ni nguvu ya mawimbi, ν ni masafa (frequency) yake, S₀ na ν₀ ni za kipimo cha redio, na α ni kipeo. Kwa MWC 297, α ilipatikana kuwa 1.03. Weka nukta yenye nguvu hiyo mahali pa nyota, uitandaze kwa doa la kila wimbi, kisha uitoe kwenye picha kabla ya hatua ya 3.

Mstari wa monoksidi ya kaboni. Molekuli ya monoksidi ya kaboni (CO) ina mstari, yaani wimbi moja maalumu inalolitoa, kwenye gigahezi 345.8, ndani kabisa ya dirisha la mikroni 850. Penye michirizi ya gesi inayorushwa na nyota changa, mstari huu huongeza mwanga wa 850 na kufanya vumbi lionekane baridi. Kama kuna ramani ya CO ya eneo lako, itoe. Kama hakuna, weka alama kwenye mabonge yaliyo njiani mwa michirizi hiyo na usiyatolee hukumu.

Makosa yote mawili husukuma upande mmoja, yaani kwenye baridi ya uongo. Ukikuta baridi penye nyota nzito, anza kutafuta hapa.

## Hatua ya 6: Geuza uwiano kuwa joto

Gawanya picha ya 450 kwa ya 850. Uwiano R unaungana na joto T hivi:

R = (850/450)^(3+β) × [e^(16.93/T) − 1] ÷ [e^(31.97/T) − 1]

Huwezi kuhamisha T upande mmoja kwa aljebra. Tengeneza jedwali la T kutoka 5 hadi 100 kwa hatua ndogo, kisha kwa kila pikseli tafuta T inayolingana. Kwa β = 1.8 jedwali lako lipite kwenye namba hizi:

- kelvini 10: R = 4.00
- kelvini 15: R = 5.96
- kelvini 20: R = 7.14
- kelvini 30: R = 8.44
- kelvini 46: R = 9.38
- kelvini 100: R = 10.37

Ikiwa namba zako hazifanani na hizi, angalia kama umeandika 3+β au umeandika β peke yake.

Sasa soma jedwali hilo polepole. Kutoka kelvini 10 hadi 20 uwiano unapanda kwa zaidi ya 3. Kutoka 46 hadi 100 unapanda kwa 1 tu. Joto likiwa kubwa mno, R hukaribia 11.2 na haipiti hapo. Pikseli yenye R ya 12 haina jibu, na programu yako iwekewe amri ya kuiacha tupu.

Kosa la asilimia 10 kwenye uwiano ni jambo la kawaida, maana upimaji wa mikroni 450 peke yake huweza kukosea kiasi hicho. Kwa bonge la kelvini 15, kosa hilo linakupa kati ya 13 na 17. Kwa bonge la kelvini 46, linakupa kati ya 30 na 95. Njia hii ni hodari kwa vumbi baridi na ni dhaifu kwa vumbi moto. Anayeandika "kelvini 71" kutokana na pikseli moja ya 450 na 850 hajapima. Wastani wa pikseli nyingi za bonge hupunguza kelele ya nasibu, lakini kosa la upimaji wa picha nzima linabaki palepale.

Kuhusu β. Uwiano mmoja hauwezi kukupa vitu viwili, kwa hiyo β lazima uichague wewe. Uwiano wa 7.14 unasoma kelvini 20 ukitumia 1.8, takriban 16 ukitumia 2.0, na takriban 32 ukitumia 1.5. Tumia 1.8 kwa vumbi la mawinguni, kisha rudia hesabu kwa hizo mbili nyingine. Tofauti kati ya bonge na bonge ndani ya ramani moja ni ya kuaminika zaidi kuliko joto lenyewe, mradi chembe zao ni za aina moja.

## Hatua ya 7: Ijaribu njia yako kwa bonge la kubuni

Tengeneza picha mbili bandia za bonge la kelvini 20 kila mahali, zitandaze kwa doa la 450 na la 850, ongeza kelele, kisha uzipitishe hatua ya 2 hadi ya 6. Zikitoka na 20 kuanzia katikati hadi ukingoni, njia yako ni salama. Zikitoka na 27 katikati na 14 pembeni, tatizo ni hatua ya 3. Zikitoka zote 7, tatizo ni vizio.

Inachukua saa moja. Sijawahi kuona mtu aliyejutia saa hiyo.

## Hatua ya 8: Soma ramani

Toa ile karatasi ya ukutani. Unachotarajia kuona ni mteremko mpole wa joto unaoshuka kadiri unavyoondoka kwenye nyota nzito, na upande wa bonge unaoitazama nyota ukiwa na joto kuliko mgongo wake.

Usitarajie kila nyota changa iwe na doa la moto. Kwa MWC 297, vitoto vya nyota tisa vilivyopimwa vilikuwa na wastani wa kelvini 15, huku mabonge 14 yasiyo na nyota yakiwa na wastani wa kelvini 32. Wengi wakiona hivyo hudhani wamekosea. Rudi hatua ya 1: nyota yenye mng'aro wa Jua moja haipashi vumbi kwa maana hata kwenye vizio 1,000. Kwa wingu lililo umbali wa parseki 400 (parseki moja ni takriban miaka ya mwanga 3.26), doa la sekunde 14 linafunika vizio 5,600. Sehemu yenye joto imezama ndani ya doa moja pamoja na vumbi baridi jingi, na unachosoma ni mchanganyiko wake. Mabonge yasiyo na nyota ni hafifu zaidi, mwanga wa nje unayapenya.

Bonge moja katika eneo hilo lilipimwa kelvini 46 bila kuwa na nyota ndani, na hitimisho likawa kwamba MWC 297 ndiyo inayolipasha. Mteremko, mahali na ukosefu wa chanzo cha ndani vyote vilielekea upande mmoja. Madai ya kupashwa yanahitaji vitu vyote vitatu.

## Hatua ya 9: Tumia joto hilo kwenye uzito

Uzito wa bonge hupatikana kwa mwanga wake wa mikroni 850 ukigawanywa kwa mng'ao unaotarajiwa kwa joto lake. Ukilipa bonge la kelvini 46 joto la 15 kwa mazoea, utalikuza uzito mara 4.7. Wakati huohuo, uzito wa Jeans, yaani kikomo ambacho bonge la ukubwa huo likikipita huanza kuporomoka kwa uvutano wake, utaushusha mara 3. Makosa mawili yanazidishana: bonge litaonekana limekaribia kuzaa nyota mara 14 zaidi ya hali yake. Bonge tulivu linaloshikiliwa na joto la jirani yake utaliandika kuwa liko karibu kujifungua.

Kwa hiyo hesabu uzito kwa joto la kila bonge, si kwa joto moja la wingu zima. Pale pikseli zilipokosa jibu kwa sababu ya R kubwa, andika uzito wa juu kabisa unaowezekana, ukitumia joto la chini kabisa ambalo kosa lako linaruhusu.

Kwenye ramani utakayomwonyesha mtu, andika chini yake: β uliyotumia, upana wa doa la mwisho, kikomo cha kelele ulichokatia, na kama gesi na CO vilitolewa au la. Weka pia ramani ya pili ya kosa la joto, kwa rangi zilezile na ukubwa uleule, kando ya ile ya kwanza.